Mbwa twende naye, paka tumwache?

"Daktari, habari za kazi. Mwezi ujao tunakwenda likizo ya wiki mbili, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili wa miaka sita na kumi. Ni mwendo wa saa nane kwa gari, na tumekodi nyumba karibu na bahari. Tuna mbwa wa miaka minne anaitwa Tito, kilo 20, chotara wa bulldog mwenye pua fupi. Tuna pia paka jike wa miaka tisa, Zuri, amefungwa kizazi na amenenepa kidogo. Mara ya mwisho tulipomchukua Tito safari ya saa moja alitapika kiti kizima. Zuri naye tukimpeleka kwenye chanjo hulia njia nzima mpaka sauti inamkauka. Shemeji yangu anasema tuwape nusu kidonge cha dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi, walale mpaka tufike. Yeye hufanya hivyo siku zote. Njiani tutasimama kula, na mume wangu anasema gari likiwa kivulini na vioo vimeachwa wazi kidogo hakuna tabu. Watoto wameapa hawaendi popote bila wanyama wao. Je, ni salama kuwachukua? Tufanyeje?"

Nitaanza na kidonge cha shemeji, maana hicho kinaweza kuua hata kabla hamjafungasha mizigo. Usimpe Tito, usimpe Zuri. Si nusu, si robo.

Shemeji yako hana nia mbaya, na wapo watu waliofanya hivyo wanyama wao wakaamka salama. Lakini dawa ya mafua si dawa moja. Kile kinacholeta usingizi ni kiungo kimoja tu kati ya kadhaa. Katika vidonge vingi kimechanganywa na parasetamoli ya kushusha homa, na pengine pseudoefedrini ya kuzibua pua. Pakiti mbili za rangi moja zinaweza kuwa na michanganyiko tofauti kabisa, kwa hiyo aliyebahatika na pakiti yake hawezi kukudhamini wewe na yako. Kwa paka, parasetamoli ni sumu kali. Ini la binadamu lina njia ya kuifunga dawa hiyo ili itoke na mkojo. Ini la paka karibu halina njia hiyo. Dawa inageuka kemikali inayoharibu chembe nyekundu za damu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Ndani ya saa chache ufizi unakuwa wa bluu au wa kahawia, uso na miguu ya mbele vinavimba, paka anahema mdomo wazi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Mbwa huistahimili parasetamoli kuliko paka, ila pseudoefedrini humwendesha moyo mbio, humpandisha joto na inaweza kumtia degedege. Mlitaka alale, mtajikuta na mbwa aliyetoa macho, hatulii wala hashikiki, na bado mna saa sita barabarani.

Hata dawa za kutuliza zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama zina shida zake. Iliyotumika zaidi kwa miaka mingi ni asepromazini. Humlaza mnyama kimya, nanyi mnafurahi kwamba ametulia. Kumbe hofu haijaondoka. Anasikia ngurumo za malori, ananusa, anaogopa vilevile, isipokuwa mwili haumtii tena. Zaidi ya hayo dawa hiyo hupanua mishipa ya damu, ikashusha presha na kuuvuruga mwili katika kujipimia joto na baridi. Kwa mbwa mwenye pua fupi inalegeza pia misuli ya koo ambayo ndiyo inayomsaidia kuweka njia ya hewa wazi. Ndiyo maana Chama cha Madaktari wa Wanyama cha Marekani hakishauri wanyama walazwe kwa dawa wakisafiri kwa ndege, ambako hakuna wa kuwaangalia. Kwenye gari mpo nao, lakini tatizo la pumzi na joto ni lile lile.

Sasa tuseme kinachosaidia. Kutapika ni jambo moja, hofu ni jambo jingine, na kila moja lina tiba yake. Kabla ya kumwona daktari, nataka umchunguze Tito. Mpandishe garini, usiwashe injini, kaa naye dakika kumi. Tazama mdomo. Kichefuchefu hakianzi na matapishi: kinaanza na kulamba midomo, kupiga miayo, kumeza mate mara kwa mara, masikio yakilala nyuma, halafu udenda unaanza kuning'inia kwenye kona za mdomo na kulowesha kiti. Dalili hizi zikitokea gari likiwa limesimama, shida yake kubwa ni hofu: aliwahi kuugua ndani ya gari na sasa gari lenyewe linamtisha. Zikianza baada ya robo saa ya kona na breki, shida ni sikio. Ndani ya sikio kuna mirija yenye majimaji inayoupa ubongo habari za mwendo. Macho nayo yanaona mgongo wa kiti usiosogea. Habari mbili zinapingana, na ubongo huamsha kituo cha kutapika. Watoto wa mbwa huugua zaidi kwa sababu sikio lao halijakomaa, na wengi huacha wakikua. Tito ana miaka minne, kwa hiyo nahisi ana yote mawili, lakini jaribio lako litasema kweli kuliko mimi.

Kwa sikio kuna maropitanti, dawa inayozuia ujumbe wa kutapika kufika ubongoni. Hailazi mbwa. Hutolewa saa mbili au zaidi kabla ya kuondoka, na dozi yake kwa kutapika safarini ni kubwa kuliko ile ya kutapika kwa kawaida, hivyo msitumie masalio ya dawa aliyoandikiwa siku nyingine. Mlo wake mkubwa wa mwisho uwe jioni ya siku iliyotangulia kama mnaondoka alfajiri. Maji msimnyime hata kidogo.

Kwa hofu mna mwezi mzima, na mwezi ni muda wa kutosha kama mtaanza wiki hii. Mlisheni ndani ya gari lililosimama, mlango ukiwa wazi, mpaka aanze kuruka ndani mwenyewe akisikia bakuli. Kisha fungeni mlango. Kisha washeni injini bila kwenda popote. Kisha zungukeni mtaa mmoja na kurudi. Ukiona udenda, mmekwenda haraka. Rudini hatua moja nyuma. Hii kazi wapeni watoto pia. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuifanya vizuri kuliko mtu mzima mwenye haraka.

Nakuja kwa mume wako na vioo vyake. Imani hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na inaonekana ina mantiki: hewa inaingia, joto linatoka. Haliwi hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima jambo hili katika siku za jua, nje kukiwa na nyuzi kati ya 22 na 36 za Selsiasi, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Ndani ya gari lililofungwa joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 katika saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko, asilimia 80, ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukubadilisha mambo kwa kiasi cha maana. Mwanga wa jua unapita kwenye kioo, unaunguza dashibodi na viti, navyo vinaipasha hewa ya ndani joto lisilopata njia ya kutoka. Maana yake siku mnayoiona nyinyi ni ya kawaida, nyuzi 25 hivi, ndani ya gari inaweza kupita 40 kabla hamjamaliza kula. Na kivuli nacho kinahama. Mnaegesha chini ya mti, jua linasogea, hamna habari. Kuacha injini inaunguruma na kiyoyozi kikiwaka si dawa pia: injini huzimika, na mbwa hukanyaga swichi.

Kwa Tito jambo hili ni zito kuliko kwa mbwa mwingine. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Ana tezi chache tu kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema: hewa inapita juu ya ulimi na ndani ya pua, unyevu unageuka mvuke, mvuke unaondoka na joto. Pua ndefu ina kuta nyingi nyembamba zilizojikunja, na huko ndiko sehemu kubwa ya kazi inakofanyika. Tito kuta hizo zimebanwa katika nafasi ndogo, huenda na matundu yake ya pua ni membamba, na kaakaa laini limekuwa refu kupita koo lake. Akisikia joto anahema kwa nguvu. Kuhema kwa nguvu ni kazi ya misuli, na misuli inazalisha joto jingine. Koo linavimba kwa msuguano wa hewa, njia inazidi kuwa finyu, anahema zaidi. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likipita 41, utumbo, figo, ubongo na mfumo wa kugandisha damu vinaanza kuharibika, na mbwa wa aina yake anafika huko wakati mbwa mwenye pua ndefu aliye kando yake bado anatikisa mkia.

Kwa hiyo kuleni kwa zamu. Nyinyi ni watu wazima wawili: mmoja anaingia na watoto, mwingine anabaki nje kivulini na mbwa na bakuli la maji. Au bebeni chakula mle wote nje. Ondokeni alfajiri ili saa za jua kali ziwakute mmekwisha maliza sehemu kubwa ya njia, na hakikisheni kiyoyozi kinafika kwenye kiti cha nyuma. Mara nyingi mbele kuna baridi huku nyuma kunachemka.

Ikitokea ameshikwa na joto, mtaona ulimi umetoka wote na kupanuka nchani, ufizi mwekundu sana au uliopauka, mate mazito yanayonata, anayumba, anatapika au anaharisha, hasikii akiitwa. Hapo msikimbilie gari kwanza. Mpozeni kwanza, kisha msafirishe. Mtoeni juani, mwagieni maji mengi mwili mzima, hasa tumboni, kifuani na mapajani, huku mkimpepea au kumweka mbele ya feni. Mmewahi kuambiwa maji baridi ni hatari kwa sababu yanabana mishipa ya ngozi? Madaktari wa dharura wameliacha onyo hilo. Kuchelewa kupoza ndiko kunakoua. Maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yanafaa. Taulo lililoloweshwa msimfunike nalo likakaa, kwani linapata moto na kuzuia hewa. Kama mna kipimajoto, acheni kumpoza likifika nyuzi 39.5, maana litaendelea kushuka lenyewe. Kisha mpelekeni kwa daktari hata kama amesimama na kunywa maji. Figo na damu huonyesha madhara siku moja au mbili baadaye.

Ndani ya gari, Tito afungwe. Wengi wanadhani kumfunga ni kumtesa. Fanyeni hesabu: gari likisimama ghafla kutoka kilomita 50 kwa saa, asiyefungwa anaendelea na mwendo ule ule mpaka agonge kitu, na kipigo chake ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa karibu mita 10. Kilo 20 za mbwa zikitua kwenye shingo ya mtoto wa miaka sita, mnaona itakavyokuwa. Tumieni mkanda wa kifuani, ule mpana unaozunguka kifua na mabega, uliounganishwa na mkanda wa kiti cha nyuma; au kizimba imara kilichofungwa kisisogee. Msiunganishe na kola ya shingoni, itamvunja shingo. Kiti cha mbele hapana, kwa sababu ya ule mfuko wa hewa unaofumuka ajali inapotokea. Na kichwa nje ya dirisha, ingawa anakipenda, humpa vumbi na vijiwe machoni, na siku moja humpa pikipiki inayopita karibu.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona mara nyingi kuliko ajali, ni kupotea. Mlango unafunguliwa kituoni, kila mtu anataka choo, mbwa anaruka. Wekeni sheria moja isiyo na mjadala: hakuna mlango unaofunguliwa mpaka mtu mzima aseme "nimemshika", kamba ikiwa mkononi kweli, haijawekwa tu kwenye kiti. Kola iwe na kibati chenye namba ya simu mtakayokuwa nayo safarini. Nimeona vibati vyenye namba ya nyumbani, ambako hakuna mtu wa kupokea. Kama hajawekewa chipu chini ya ngozi, wekeni sasa, na kama anayo, hakikisheni namba iliyosajiliwa bado ni yenu. Chipu haioneshi mbwa alipo. Ni namba tu yenye tarakimu 15 inayosomwa kwa mashine, na isiposajiliwa haisemi lolote.

Zuri abaki nyumbani.

Ndivyo ninavyoona, na najua watoto hawatapenda. Mbwa hushikamana na watu wake. Paka hushikamana na watu pia, lakini usalama wake anausoma kwenye mahali. Nyumba yenu ina harufu yake kila kona, aliyoipaka kwa mashavu na makucha. Mkimhamisha kwa wiki mbili mnamwondolea ramani yote, halafu mnaanza kumrudisha akiwa ndio kwanza anaanza kuizoea mpya. Paka wa miaka tisa anayelia mpaka sauti inakauka akienda kwenye chanjo tu amekwisha wajibu swali lenu. Na akitoroka ugenini, haendi mbali; hujichimbia karibu na alipotokea, chini ya kichaka au ngazi, kimya kabisa, hata akisikia mnamwita. Familia nyingi hutafuta mtaa wa tatu kumbe yupo hatua 20 kutoka mlangoni. (Akija kupotea popote, mtafuteni usiku kwa tochi, karibu na chini, macho yake yatawajibu.)

Lakini kumwacha nyumbani si kumwachia bakuli kubwa la chakula na beseni la maji. Anahitaji mtu anayekuja mara mbili kwa siku, na akilala hapo ni bora zaidi. Mtu huyo lazima amwone kwa macho, asitosheke na kuona sahani ipo tupu. Huenda sisimizi ndio waliokula. Kwa Zuri hili lina sababu ya pekee. Paka mnene anapoacha kula siku mbili tatu, mwili huyayusha mafuta kwa wingi na kuyapeleka kwenye ini, nalo likajaa mafuta na kushindwa kazi. Ugonjwa huo unaua, na unaanza na kitu kidogo kama huzuni ya kuachwa. Mwacheni mlinzi wake na maagizo ya maandishi: asipokula saa 24, piga simu, akipitisha hapo, mpeleke kwa daktari, hapa namba, hapa pesa, usisubiri ruhusa yetu. Mwacheni pia na nguo zenu mlizovaa, hazijafuliwa, pale anapolala. Mtu huyo aanze kuja nyumbani kabla hamjaondoka, amlishe mara chache nanyi mkiwepo.

Kituo cha kulelea wanyama ni njia ya pili, nami kwa Zuri naiweka nyuma sana kwa sababu ya kelele na harufu za mbwa. Kwa Tito kinaweza kufaa, nitalirudia hilo. Mkilazimika kabisa kumchukua paka, kizimba chake cha kubebea kianze leo kukaa sebuleni mlango wazi, na chakula na shuka ndani, kiache kuwa kitu kinachotoka stoo siku ya sindano. Safarini kifunikwe kwa kitambaa chepesi na asitolewe ndani ya gari hata akilia namna gani. Paka aliyejipenyeza chini ya pedali ya breki ni ajali. Mkifika, siku mbili tatu za kwanza awe kwenye chumba kimoja kilichofungwa. Kuna dawa ya gabapentini ambayo madaktari huwapa paka waoga saa mbili au tatu kabla ya safari, na inafanya kazi vizuri, ila dozi hupangwa kwa kuangalia hali ya figo. Msichukue ile ya maji ya binadamu: baadhi yake imetiwa utamu wa zailitoli, ambao kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla. Zailitoli hiyo hiyo imo katika baadhi ya bazoka zisizo na sukari, kwa hiyo kagueni mifuko ya watoto kabla ya safari, pamoja na chokoleti na zabibu kavu. Mtoto wa miaka sita aliyekaa kando ya mbwa saa nane atampa kitu tu.

Mkifika kwenye nyumba ya kukodi, mtu mmoja aingie kwanza bila mbwa, apige magoti, aangalie chini ya sinki, nyuma ya jokofu na kwenye makabati ya chini. Anatafuta sumu ya panya. Nyumba zinazokaliwa kwa misimu huwa nazo, na aina nyingi zinazuia damu kuganda: mbwa anaila leo na haonyeshi kitu, kwa sababu vigandisha-damu alivyokuwa navyo bado vipo. Siku tatu hadi tano baadaye anaanza kulegea, kukohoa, kutokwa damu puani, nanyi mmeshasahau kabisa alichookota. Ikigunduliwa mapema vitamini K1 inamponya. Mkikuta pakiti, ipigeni picha.

Ufukweni, mpeni maji yenu mara kwa mara ili asinywe ya bahari. Akinywa mengi chumvi humtapisha, humharisha, na ikizidi hufika ubongoni. Wekeni kiganja juu ya mchanga: usipoweza kukiacha sekunde saba, nyayo zake nazo haziwezi. Mbwa wa aina ya bulldog wengi ni waogeleaji wabovu, kifua kizito kinawazamisha mbele, kwa hiyo bila jaketi la kuokolea asipite maji ya magotini. Matembezi ni asubuhi sana na jioni. Kama mipango yenu ni kushinda juani kuanzia saa nne hadi saa kumi kila siku, Tito atakuwa peke yake ndani ya nyumba asiyoijua, na hapo semeni ukweli: je, mnamchukua kwa ajili yake au kwa ajili ya picha?

Kupe na mbu wa huko huenda wanabeba magonjwa ambayo kwenu hayapo, pamoja na minyoo ya moyo inayoletwa na mbu. Muulizeni daktari kinga inayofaa mahali mnapokwenda, na ianze kabla ya safari. Ila angalieni: dawa nyingi za matone za mbwa zina permethrini, inayowaua paka kwa kutetemeka na degedege. Msimpake Zuri hata tone, na Tito akipakwa asilale naye mpaka ikauke.

Hujataja kuvuka mpaka, basi nitasema kwa ufupi kwa wanaofikiria hivyo: mwezi mmoja hautoshi mara nyingi. Kuingia Umoja wa Ulaya, chipu hutangulia chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha husubiriwa siku 21, na ukitoka nchi zisizo kwenye orodha yao kuna kipimo cha damu na miezi mitatu ya kungoja juu yake. Uingereza inataka mbwa apewe dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Marekani, tangu Agosti 2024, haipokei mbwa aliye chini ya miezi sita. Hata msipovuka mpaka, kichaa cha mbwa kipo katika nchi nyingi na kikishaanza kuonyesha dalili hakina tiba, kwa hiyo tarehe ya chanjo ya Tito iwe hai na cheti kiwe garini.

Sasa uamuzi wa Tito. Kwa mlivyonieleza, ningeegemea kumchukua, ila sauti ya mwisho ni ya daktari atakayemsikiliza kifuani na kooni. Mpelekeni wiki hii, msingoje wiki ya safari. Mwambieni kama anakoroma akiwa macho, kama anachoka baada ya matembezi mafupi, kama amewahi kuzimia au ulimi kugeuka bluu, kama analala kichwa kikiwa kimeinuliwa au na mwanasesere mdomoni ili kinywa kibaki wazi. Hilo la mwisho watu huliona la kuchekesha na kulirekodi kwenye simu. Mara nyingi ni mbwa anayetafuta hewa. Mchukulieni video ya usingizi wake, itamsaidia daktari kuliko maelezo. Zuri naye apimwe figo, uzito na meno siku hiyo hiyo, maana miaka tisa kwa paka si midogo na mlinzi wake asiachiwe mgonjwa asiyejulikana.

Daktari akisema njia ya hewa ya Tito imebanwa sana, basi abaki safari hii, kwa ndugu anayemjua au kwenye kituo mlichokitembelea bila kutoa taarifa, mkauliza nani analala pale usiku na mkakagua mabakuli ya maji. Vituo vizuri vitadai chanjo ya kikohozi cha mabanda, kile mbwa wanachoambukizana wakikaa pamoja, nayo itolewe wiki mbili tatu kabla. Na muulizeni huyo daktari juu ya upasuaji wa kupanua matundu ya pua na kufupisha kaakaa. Kwa mbwa wa miaka minne bado una faida, na huenda mwakani mkaenda naye bila wasiwasi huu.